Kuhamia Mombasa kutoka Moshi: shajara ya nyumba, maji na shule

Naiweka shajara hii kwa ajili ya familia za Tanzania zinazohamia Mombasa kikazi. Mume wangu amepata kazi kwa wakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, nasi tunamfuata: mimi na watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa na mdogo mitano. Bei zote humu ni shilingi za Kenya, na wakati naiandika shilingi moja yao ilikuwa kama 20 za kwetu. Nitaongeza ukurasa kila hatua ikikamilika. Yaliyokwenda vizuri nitayapitia haraka. Yaliyokwama nitayaeleza kwa kirefu, maana hayo ndiyo yanayomaliza pesa.

14 Desemba 2024: Njia na makaratasi

Tumepita Himo, Holili, Taveta, Voi hadi Mombasa, lami mwanzo mwisho. Holili na Taveta mna kituo cha pamoja cha mpakani, unagongewa mihuri yote miwili sehemu moja. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza, na chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, unaweza kupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita. Pasi hiyo si ya kufanyia kazi. Kibali cha kazi cha mume wangu kimeshughulikiwa na mwajiri wake, na sisi wengine tumeombewa kama wategemezi. Anayekusudia kukaa zaidi ya siku 90 anatakiwa pia ajiandikishe kama mgeni mkaazi, na maombi yanaanzia mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya.

Beba vyeti halisi vya kuzaliwa, ripoti za shule, barua ya uhamisho na kadi za chanjo za watoto. Acha mtungi wa gesi. Wetu ulikuwa wa kilo 15, na huku mtungi mkubwa wa nyumbani ni wa kilo 13, kwa hiyo hakuna duka litakalokubadilishia. Uuze kabla hujaondoka.

Laini ya simu ifuate siku hiyohiyo ukifika. Pasipoti inatosha kuisajili. Usiiahirishe, kwa sababu kodi, umeme, ada, maji na hata fungu la mchicha vinalipwa kwa M-Pesa, na mwenye nyumba hatakupa ufunguo kabla ujumbe haujaingia kwenye simu yake.

29 Desemba 2024: Nyumba

Desemba si mwezi wa kuja kutafuta nyumba Mombasa. Watu wa bara wanateremka pwani kwa likizo, vyumba vya kulala wageni vinajaa na bei zinapanda. Tulipanga kuishi kwenye chumba cha muda huku tukitafuta nyumba taratibu, na mpango huo umeshindikana: chumba hicho cha muda, mtaa wa Majengo, kilikuwa kinakula pesa ya kodi. Anayeweza asogeze safari hadi mwishoni mwa Novemba, shule za Kenya zikiwa tayari zimefungwa na watalii bado hawajafika.

Kabla hujaangalia nyumba yoyote, angalia ramani. Mji wenyewe ni kisiwa. Kaskazini unatoka kwa Daraja la Nyali kwenda Kongowea, Kisauni na Bamburi. Magharibi unatoka kwa Makupa kwenda Changamwe, Mikindani na barabara ya Nairobi. Kusini ni kivuko cha Likoni. Kila mlango una foleni yake. Likoni kodi ni nafuu na mtembea kwa miguu havuki kwa nauli, lakini asubuhi umati ni mkubwa, na feri moja ikipata hitilafu kila mtu anachelewa kazini. Upande wa Changamwe unashindana na malori ya makontena. Daraja la Nyali linabanana kuanzia alfajiri, na mume wangu sasa anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza.

Tumechukua nyumba Kiembeni, upande wa Bamburi: vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko, kwenye mstari wa nyumba nne zilizo chini ya paa moja la mabati. Kodi 16,000 kwa mwezi, amana ya mwezi mmoja, na 2,500 ya amana ya umeme. Dalali amechukua 1,000 kwa kutuzungusha hata kwenye nyumba ambazo hatukuzichukua. Huo ndio utaratibu wa wengi wao, kwa hiyo patana naye kabla hamjapanda tuktuk.

Jambo zuri kwa mtu wa Tanzania: huku kodi inalipwa kwa mwezi. Kwetu mwenye nyumba anataka miezi sita, pengine mwaka mzima, na mtaji wa kuhama unaishia hapo. Hapa unaingia kwa kodi ya miezi miwili, yaani mwezi wa kwanza na amana, na nyumba ikikushinda unatoa notisi. Ila tarehe tano ikikukuta hujalipa, utapigiwa simu.

12 Januari 2025: Maji

Tulipouliza kama nyumba ina maji tulijibiwa kwamba yapo siku zote. Ni kweli, yapo siku zote. Ni maji ya kisima, na kisima cha huku kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Yana chumvi na yana chokaa.

Sisi tumezoea maji ya mlima. Moshi unafungua bomba, unakinga glasi. Hapa siku ya kwanza sabuni haikutoa povu. Nilimsugua mdogo, nikaongeza sabuni, nikasugua tena, na ngozi yake ikabaki inanata. Chai ikatoka na ladha ambayo sukari haikuifunika. Birika la umeme likaanza kuota ukoko mweupe chini, mgumu wa kukwangua kwa kisu. Nguo nyeupe za shule zikakauka zikiwa kavukavu na za kijivu.

Maharage ndiyo yaliyonishtua. Nilitaka kupika kiburu, watoto waonje nyumbani. Nikainjika maharage asubuhi, ndizi zikisubiri. Mchana yalikuwa bado magumu, maganda yamekaza, ndani yana unga mbichi. Alasiri gesi ikapungua nikahamia kwenye mkaa. Hayakuiva. Jirani wa mlango wa pili aliponiona napuliza jiko alinijia, akachungulia sufuria, akaniuliza: "Dada, umetia maji ya hapa?" Akaingia kwake akaniletea ndoo ya maji matamu, yaani yasiyo ya chumvi. Maharage mengine, niliyoyaloweka usiku katika maji yake, yaliiva kesho yake kabla ya saa sita. Chokaa ya maji magumu inalikaza ganda la maharage na moto peke yake haulilainishi.

Kwa hiyo anayekuja asiishie kuuliza kama maji yapo. Aulize ni maji gani, na afungue bomba la jikoni yeye mwenyewe, aonje kwenye ncha ya ulimi, anawe kwa sabuni aone povu. Mwenye nyumba mwungwana hatachukia. Wenyeji wote wanajua tofauti hiyo na watakujibu waziwazi ukiwauliza waziwazi.

Birika nimelisafisha kwa siki: jaza nusu siki nusu maji, chemsha, acha lilale, mwaga. Ukoko unatoka wenyewe. Gharama ya siki ni ndogo kuliko ya birika jipya.

26 Januari 2025: Shule

Mdogo ameingia PP2, mwaka wa pili wa elimu ya awali, na hana neno. Mkubwa ndiye mwenye kazi.

Amemaliza darasa la tatu Moshi katika shule ya serikali, alikosoma kila somo kwa Kiswahili. Kenya sera inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao, na kuanzia Gredi ya 4 Kiingereza ndicho cha kufundishia. Mjini shule nyingi za binafsi zinaanza Kiingereza mapema zaidi. Kwa hiyo mtoto wangu ameingia Gredi ya 4 mwaka uleule ambao hata ratiba inadhani Kiingereza kimeshakomaa. Mwalimu mkuu alimpima, akashauri arudi Gredi ya 3. Hesabu za mtihani ule alizijua zote zilizoandikwa kwa tarakimu. Zilizoandikwa kwa maneno hakugusa hata moja. Nilimwonyesha mwalimu hilo kwenye karatasi yenyewe, tukakubaliana abaki Gredi ya 4 kwa muhula mmoja wa majaribio.

Tulichojaribu kwanza ni tuisheni ya Kiingereza jioni, 200 kwa saa. Imeshindikana. Alikuwa anarudi amechoka, anakaririshwa orodha ya maneno yasiyohusiana na alichofanya darasani, na asubuhi hayamsaidii. Tumeiacha. Sasa binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato, anakaa naye na kitabu cha sayansi na cha hesabu. Wanasoma mada ya kesho kwa Kiswahili kwanza, anaielewa, kisha wanaipitia kwa Kiingereza cha kitabuni. Anaingia darasani akijua kinachozungumzwa. Ananyoosha mkono. Ninamlipa binti huyo 1,500 kwa mwezi na ninamshukuru kwa moyo wote.

Zingatia hili unapopanga bajeti: mwaka wa shule Kenya una mihula mitatu, si miwili kama kwetu. Ada ukitajiwa 15,000, uliza ni ya muhula au ya mwaka, na kama ni ya muhula uizidishe kwa tatu. Sare, sweta ambayo joto la huku haliitaki lakini shule inaitaka, na vitabu: 8,700 kwa mkubwa.

16 Februari 2025: Hesabu ya maji, na yaliyoshindikana

Mombasa haina mto wake wa kuinywesha. Maji ya bomba yanatoka mbali: chemchemi za Mzima zilizo Tsavo, yanakotokeza maji yaliyochujwa na mawe ya milima ya Chyulu; visima vya Baricho kando ya mto Sabaki; chemchemi ya Marere na visima vya Tiwi upande wa kusini. Bwawa la Mwache linajengwa Kwale ili kuongeza. Mahitaji ya mji yanazidi kinachofika, basi maji hugawiwa kwa zamu, na mitaa mingine zamu ni chache. Ndiyo maana kila nyumba ina kisima au tangi au vyote, na kila mtaa una vijana wa mikokoteni wanaosukuma mitungi ya lita 20.

Sisi tumetumia mitungi mitano kwa siku: kupika, kuogesha watoto, kufulia nyeupe. Mtungi ukiwa 30, ni 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi. Bomba za mji zikikauka, mtungi unafika 50, nayo ni 7,500. Ya kunywa tunajaza kwenye duka la maji yaliyochujwa, 100 kwa lita 20, kama 1,000 kwa mwezi.

Tuliangalia nyumba ya Tudor mwezi Desemba, kisiwani, yenye maji ya bomba na tangi kubwa la chini, kodi 23,000. Tuliiona ghali. Ziweke sasa pamoja. Kiembeni: kodi 16,000, maji matamu 4,500, ya kunywa 1,000, nauli ya mume wangu karibu 4,500. Jumla 26,000. Tudor: kodi 23,000, ya kunywa 1,000, nauli 2,500. Jumla 26,500. Ile tofauti ya 7,000 iliyotuvuta imebaki 500, na Tudor mume wangu angelala saa moja zaidi. Kodi ya Mombasa haisomeki peke yake. Isome pamoja na maji na nauli, ndipo uchague.

Kuhama tena katikati ya muhula tumekataa kwa ajili ya mkubwa. Tukatafuta dawa hapahapa, na haya hayakufaa:

Kuchemsha. Kunaua vijidudu, lakini chumvi inabaki, na kadiri mvuke unavyotoka ndivyo kilichobaki kinavyozidi ukali.

Chujio la mishumaa ya udongo, 3,800. Linaondoa matope na linasaidia kwa vijidudu, ila chumvi iliyoyeyuka inapita. Tumelihamishia kwenye maji ya mitungi, huko lina kazi.

Mtambo wa kusukuma maji kwenye utando laini, ule wanaotumia maduka ya maji. Huo unaondoa chumvi kweli. Lakini bei ya mdogo wa nyumbani ilianzia 25,000, unamwaga maji mengi kupata machache, na utando wake unachoshwa upesi na chokaa. Kwa mpangaji haulipi.

Hadi hapa tunaishi kwa mapipa mawili. La bluu ni la maji ya kisima: choo, kudeki, kuoshea miguu. Jeupe ni la maji matamu, na kata yake haichanganywi.

9 Machi 2025: Ramadhani, na zamu ya bomba

Mwezi wa Ramadhani umeanza. Mtaa umebadilika saa zake. Mchana kimya, vibanda vya chakula vimefunga. Jioni pembe zote za barabara zina kaimati, bajia, viazi karai na juisi ya ukwaju. Sisi ni Wakristo na hakuna aliyetuudhi wala kututenga. Watoto nimewaambia wasile barabarani mchana, ni adabu tu.

Magharibi ya kwanza, jirani alimtuma mwanawe na sahani iliyofunikwa kitambaa: mhogo wa nazi na kipande cha samaki. Sahani hairudi tupu. Nikamrudishia na ndizi mbivu kutoka Kongowea, na nikamweleza kwamba ndizi zile zinatoka Taveta, ukivuka tu mpaka kutoka kwetu. Soko la Kongowea lina ndizi za Taveta kwa mikungu. Kwa mtu wa Moshi hilo pekee ni sababu ya kulipenda. Mtori sasa unapikika nyumbani kila wiki.

Kwa njia ya sahani hizo nimepata taarifa ambayo dalali hakunipa wala mlinzi hakuitaja: plotini kwetu lipo bomba la mji, limejificha nyuma ya choo cha nje, na maji huja usiku, mara nyingi kati ya saa saba na saa kumi, siku ambazo wenyeji wanazijua kwa kuzoea. Wanawake wa plotini huamshana kwa kula daku, na anayeliona bomba linapumua hugonga milango yote. "Yamekuja! Tokeni na ndoo!" Tunapanga foleni kwa madera na kanga, kila mlango mitungi minne kwanza, kisha ya ziada. Maji yale ni matamu, baridi, na bei yake imo ndani ya kodi.

Yeyote anayehamia apeleke salamu mlango kwa mlango wiki ya kwanza. Mimi nilisubiri nizoeleke, na maji ya bomba yalikuwa yanapita usiku nami nimelala.

6 Aprili 2025: Gata

Kusi imeanza kuvuma na mvua za masika ndiyo zinaanza. Mei ndio mwezi wa mvua kubwa zaidi Mombasa. Hesabu ya paa ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la upande wetu ni kama mita 40 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 25 ni lita 1,000. Toa inayomwagika, weka 800. Hiyo ni mitungi 40 kwa mvua ya usiku mmoja.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba mwenyewe, sikutuma ujumbe. Ni mama mtu mzima, anakaa Kibokoni, Mji wa Kale.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Karibu ndani, vua viatu tu hapo."

Baada ya kahawa na halua ndipo nikasema lililonileta: kufunga gata, yaani mifereji ya kukinga maji ya mvua paani, na tangi. Alisikiliza hadi mwisho. "Sikatai, mwanangu. Lakini siku ukitoka, gata hazing'olewi."

"Hazing'olewi, bi mkubwa. Ila nakuomba tukatane kwenye kodi."

"Haya. Gata na fundi, nusu kwa nusu. Tangi ni lako. Na tuandikiane, mimi na wewe ni watu wa kufa."

Tumeandikiana kwenye daftari, nakala mbili. Gata za plastiki, vishikizo na bomba la kushukia 7,400, fundi 2,500, tangi la lita 1,000, 9,000, msingi wa matofali wa kulikalisha 3,000. Jumla 21,900. Bi mkubwa anabeba 4,950, inakatwa kwenye kodi 1,650 kwa miezi mitatu.

Mvua ya kwanza ilishindikana. Fundi alizifunga gata usawa mmoja kama rafu ya vyombo, maji yakajaa katikati, yakamwagikia dirishani kwa jirani. Na yale machache yaliyofika tangini yalibeba vumbi la miezi yote ya kiangazi, majani na kinyesi cha kunguru. Yalinuka. Tuliyamwaga yote, tukalisugua tangi kwa klorini.

Marekebisho ni mawili. Kwanza mteremko: nusu sentimita kwa kila mita, kupimwa kwa uzi na maji ndani ya mpira mwembamba, si kwa jicho. Pili, bomba la pembeni lililosimama, lenye kifuniko cha kuzungusha chini. Maji ya mwanzo ya mvua, ambayo ndiyo yanayoosha paa, yanaingia humo kwanza. Likijaa, yanayofuata yanapita kwenda tangini. Mvua ikiisha unafungua kifuniko, uchafu unatoka. Bomba hilo na viungo vyake 950. Fundi alirudi bila kudai malipo ya pili, na namsifu kwa hilo.

Jambo dogo la pwani: skrubu za kawaida alizofungia vishikizo zimeshika kutu wiki chache tu, kwa hewa ya chumvi. Nunua za chuma kisichoshika kutu tangu mwanzo, hata kama ni ghali mara tatu.

18 Mei 2025: Homa

Tangi limejaa, mapipa yamejaa, nami nilikuwa na raha ya kuona maji. Ndipo mkubwa akaanguka na homa. Ilipanda ghafla, akalia kichwa na nyuma ya macho, viungo vikamuuma hata kushikwa mkono hataki. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa za malaria hata hivyo. Hatukuridhika, tukaenda kwingine. Huko muuguzi aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, nyumbani mnaweka maji kwenye nini?"

Ilikuwa dengi. Mombasa imewahi kupata milipuko yake. Mbu wake si yule wa usiku. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, na anapenda kutaga kwenye maji safi yaliyotulia ndani ya vyombo, yaani hasa pale tulipokuwa tunaweka akiba. Hakuna dawa ya kuua virusi vyake. Tulipewa parasetamo, tukaambiwa mtoto anywe maji na uji kwa wingi, na tukakatazwa kabisa aspirini na ibuprofeni kwa sababu zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Tulielezwa pia dalili za kurudi mbio: kutapika mfululizo, maumivu makali ya tumbo, damu ya fizi au pua, hasa homa inapoanza kushuka. Alipona. Vipimo, kumwona daktari na dawa: 5,600.

Chandarua cha kitandani tulikuwa nacho na hakikutosha, kwa sababu mbu huyu hangoji usiku. Tuliyofanya: mdomo wa tangi na tundu la hewa tumefunga wavu laini kwa mpira. Mapipa yana vifuniko vinavyobana. Kila Jumamosi pipa linamwagwa na kuta zake zinasuguliwa kwa brashi, maana mayai yanagandamana ukutani juu ya maji na yanaweza kukaa makavu muda mrefu yakisubiri kuloweshwa. Kumwaga bila kusugua hakusaidii. Vifuu vya nazi na tairi lililokuwa nyuma ya choo vimeondoka. Nilikwenda pia na jirani yangu kwenye nyumba inayojengwa upande wa pili, kulikuwa na mapipa wazi ya maji ya zege yaliyojaa viluwiluwi wa mbu. Msimamizi alituelewa, sasa anayafunika kwa mbao.

Kama wewe ni mzazi na umefika mji huu na unaanza kujaza ndoo, nunua wavu na vifuniko siku ileile unayonunua tangi. Nakuomba sana.

13 Julai 2025: Hali ilivyo

Mvua zimepungua. Tangi sasa linajazwa kwa manyunyu na kwa bomba la usiku. Tangu mwishoni mwa Aprili tumenunua mitungi miwili kwa siku badala ya mitano, kwa hiyo tunaokoa 2,700 kwa mwezi. Fedha yetu iliyoingia kwenye mradi, baada ya mchango wa bi mkubwa na bomba la pembeni, ni 17,900, kwa hiyo itarudi katika misimu miwili ya mvua hivi, mradi tusihame kabla. Maji ya mvua tunapikia na kufulia. Ya kunywa bado tunanunua.

Mkubwa amebakishwa Gredi ya 4, bila majaribio tena. Sayansi inakwenda, hesabu za maneno anazisoma mwenyewe. Kitambulisho changu cha ukaazi kimetoka.

Majirani wa milango mingine mitatu wameomba paa lote lifungwe gata, kuwe na tangi la pili la pamoja la lita 2,000 nyuma ya plotini. Bi mkubwa amekubali kwa masharti yaleyale ya nusu kwa nusu, na fundi yuleyule ametoa bei ya 19,500 kwa gata na kazi, tangi mbali. Tunachangishana hadi mwisho wa Agosti. Tumepanga afunge Septemba, ili gata ziwe zimepimwa mteremko kabla ya mvua za vuli. Bei za tangi nitaziandika hapa zikishapatikana.